Betri imechoka, si laptopu

Mwezi huu nilipanga tuzungumze mambo mengine, lakini lililotokea mezani kwangu wiki tatu zilizopita limenifanya niyaweke kando. Ni habari ya betri. Najua inaonekana ndogo. Nisikilizeni mpaka mwisho.

Binti wa dada yangu anasoma uuguzi huko Leicester, mwaka wa pili. Ada analipiwa na wafadhili, lakini chumba na chakula ni juu ya mama yake aliye Tanga, pamoja na zamu chache anazopata mwenyewe mwishoni mwa wiki. Akipata nafasi hupanda treni akaja kwangu Reading, tukapika, tukapiga soga, akarudi na vyakula vyake kwenye makopo.

Jumamosi ile alikuja na kazi ya chuo ya kumalizia. Baada ya pilau akafungua laptopu yake pale pale mezani, akaichomeka kwenye umeme, akaanza kuandika. Mimi nikawa napangusa meza. Nikauvuta kidogo waya wa chaja unipishe, kompyuta ikazima. Akapiga ukelele kama aliyeungua.

"Samahani mwanangu. Kwani betri haina chaji?"

"Haikai, mama mdogo. Nikichomoa tu inazima. Nimeshaizoea."

"Tangu lini?"

"Tangu Desemba."

Nikaichukua niitazame. Nilipoirudisha mezani ikawa inayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Nikaigeuza. Mfuniko wa chini ulikuwa umetuna kama tumbo la samaki, na kwa juu kile kibao cha kugusa kilichoko chini ya kibodi kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Nikamuuliza huwa anaichajia wapi. Akasema kitandani, chini ya blanketi, kwa sababu chumba chake kina baridi na huandika akiwa amelala.

Nikakaa kitako. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Nikisema laptopu imekufa, mama atauza kitu. Nimeshaona mpya dukani, pauni 549, unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Nilikuwa nataka nijaze fomu Jumatatu."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto huyu alikuwa analala na kitu kinachoweza kuwaka moto, na alikuwa karibu kuingia deni la pauni 549, yote kwa sababu hakutaka kumsumbua mtu. Na laptopu yenyewe haikuwa imekufa. Ina miaka minne, skrini safi, kibodi safi. Kilichokufa ni betri tu, na betri ni kitu cha kubadilishwa, kama matairi ya gari.

Basi mwezi huu tuzungumze: utajuaje betri imechoka, lini inafaa kuibadilisha, na ufanyeje bila kutapeliwa wala kuunguza nyumba.

Iliyovimba haina mjadala

Naanza na hili kwa sababu halihusu pesa. Betri za laptopu za siku hizi ni za lithiamu. Ndani yake mna kimiminika kinachopitisha chaji, na betri ikizeeka au ikipata joto sana kimiminika hicho huanza kuharibika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, kwa hiyo betri inavimba.

Dalili zake unaziona kwa macho. Laptopu ikiwekwa mezani inayumba. Mfuniko haufungi sawasawa. Kibao cha kugusa kimekuwa kigumu kubofya au kimeinuka. Pembeni pamefanya mwanya ambao zamani haukuwepo.

Ukiona hivyo, izime, ichomoe kwenye umeme, na usiichaji tena. Usiibonyeze irudi bapa. Usiitoboe kutoa gesi, hata kama kuna mtu mtandaoni anaonyesha jinsi ya kufanya. Iweke juu ya vigae au saruji, mbali na pazia, zulia na kitanda, kisha mpigie fundi simu umweleze kabla ya kumpelekea. Ikianza kutoa moshi, kuzizima kama nyoka au kuwa ya moto sana, usiishike. Toka chumbani na wenzako, funga mlango, piga simu ya dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman.

Na mtu asijaribu kuitoa betri iliyovimba mwenyewe. Nimewaona vijana wenye bisibisi na ushujaa mwingi. Ushujaa huo wautunze kwa kazi nyingine.

Isiyovimba, ipime

Sasa tuje kwenye ile hali ya kawaida: betri haijavimba, ila haikai chaji. Hapa watu wengi wanakisia tu. Hakuna haja ya kukisia, kompyuta yenyewe inajua.

Mfano ni laptopu yangu ya zamani, niliyokuwa nimeiweka ili nimpelekee mtoto wa kaka yangu aliye Tanga. Inatumia Windows. Nilifungua dirisha la Command Prompt nikaandika maneno haya: powercfg /batteryreport. Nikabonyeza Enter. Kompyuta ikaandika ripoti na kunionyesha mahali ilipoihifadhi. Unaifungua kama ukurasa wa mtandaoni. Ndani yake tafuta mistari miwili. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani. FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo ilionao leo ikijaa.

Yangu ilisema 50,000 na 21,000, kwa kipimo cha miliwati-saa. Gawanya 21,000 kwa 50,000, unapata asilimia 42. Laptopu ile inakula kama wati 10 nikiandika. Kwa hiyo ilipokuwa mpya ilikaa saa 5 hivi, na leo inakaa saa 2 na dakika chache. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Wenye MacBook, ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya betri, mtazame hali yake. Ikiandika Normal, iko sawa. Ikiandika Service Recommended, inaomba kubadilishwa. Mnaweza pia kuona idadi ya mizunguko. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100 ya chaji, hata kama umeitumia kwa siku mbili, nusu leo na nusu kesho. MacBook za miaka hii zimetengenezwa kwa mizunguko 1,000. Laptopu nyingi nyingine huanza kulegea mapema zaidi, kwenye mizunguko 300 hadi 500.

Kipimo ninachotumia nyumbani kwangu ni hiki. Juu ya asilimia 80, mwache mgonjwa, haumwi. Kati ya 60 na 80, vumilia, punguza mwanga wa skrini, funga kurasa usizozitumia. Chini ya 50, anza kutafuta betri. Na ikiwa inazima ghafla wakati bado inaonyesha asilimia 30, usiangalie hesabu tena, imekwisha.

Ila kabla ya kuilaumu betri, jaribu chaja nyingine yenye nguvu sawa na ile ya asili. Nimeshaona mtu amenunua betri, kumbe waya wa chaja ndio uliokatika ndani.

Je, inafaa kuibadilisha?

Hapa jiulize maswali matatu.

La kwanza: unaitumia wapi? Kama laptopu yako haitoki mezani na hapo ulipo umeme haukatiki, betri dhaifu isiyovimba si msiba. Mwanafunzi anayezunguka kutoka darasani hadi maktaba, na kugombania soketi na wenzake, huyo anahitaji betri.

La pili: mashine yenyewe ina maisha? Hili sasa ni kubwa kwa wenye Windows. Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubali Windows 11 kwa njia ya kawaida. Kuitia betri mpya mashine ya namna hiyo, ambayo unafanyia mambo ya benki, ni kama kubadilisha matairi ya gari lisilo na breki. Unaweza kuiwekea Linux, ambayo ni bure, na watoto wakaitumia kwa masomo. Lakini amua hilo kwanza, betri baadaye.

La tatu: gharama. Jumlisha bei ya betri na ya fundi. Halafu tafuta laptopu kama yako, iliyotumika, inauzwa kiasi gani. Ikiwa matengenezo yanazidi nusu ya bei hiyo, fikiri upya. Ya binti yetu betri ilikuwa pauni 52 na fundi pauni 30, jumla 82. Laptopu kama yake, iliyotumika, inauzwa karibu pauni 250. Na ile mpya ilikuwa 549. Hapo hatukuhitaji kikao cha ukoo.

Na usisahau kuangalia risiti. Ikiwa laptopu bado ina waranti, mpigie aliyekuuzia kabla ya kutoa hata senti.

Kununua bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Jina la laptopu peke yake halitoshi. Mfano mmoja unaweza kuwa umetoka na betri za aina mbili au tatu. Namba unayoihitaji imeandikwa kwenye betri yenyewe. Ndiyo maana mafundi wazuri hufungua kwanza, wakasoma namba, ndipo wakaagiza. Lenovo, Dell na HP huweka bure mtandaoni vitabu vya ufundi vya laptopu zao.

Ukiwa na namba, linganisha volti na wati-saa. Volti zilingane na za ile ya zamani. Wati-saa zisipishane sana. Muuzaji akikuahidi betri yenye ukubwa ule ule lakini inayobeba mara mbili ya ile ya asili, huyo anauza namba, hauzi betri.

Betri ya asili kutoka kwa mtengenezaji ni ghali lakini huna wasiwasi. Isiyo ya asili inaweza kuwa nzuri tu, mradi muuzaji anajulikana, anatoa risiti, na anakubali kurudishiwa. Uliza imetengenezwa lini. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa ndani ya boksi, kwa hiyo iliyokaa stoo miaka mitatu si mpya. Ile ya bei ya ajabu, nusu ya wenzake wote, iache. Rahisi ni ghali, na kwa betri ughali huo unaweza kuwa moto. Ikifika, irudie ile ripoti niliyoieleza juu, ulinganishe na ulichoahidiwa wakati bado una siku za kuirudisha.

Mwenyewe au fundi?

Laptopu za zamani betri ilikuwa inatoka kwa kusukuma kijifungo tu. Za sasa betri imefichwa ndani. Kama imeshikwa kwa skrubu, na wewe mikono yako imetulia, unaweza. Itumie mpaka ibaki asilimia 25 hivi, izime kabisa, chomoa chaja. Tumia bisibisi inayolingana na skrubu zake, na uzipange skrubu juu ya karatasi kwa nafasi zake, maana huwa hazilingani urefu. Cha kwanza kuchomoa ndani ni plagi ya betri. Kuinulia kitu tumia kadi ya plastiki, usitumie kisu wala kitu chochote cha chuma.

Kama betri imegandishwa kwa gundi, kama zilivyo MacBook nyingi, mpe fundi. Kuing'oa kwa nguvu ni kuikunja, na kuikunja ni kuitafutia cheche.

Jambo hili la kuficha betri limewachosha hata watunga sheria. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vingi vya mkononi na vya nyumbani zitakazouzwa huko lazima mtumiaji mwenyewe aweze kuzitoa na kuzibadilisha. Mlioko Ujerumani, Uholanzi na Sweden, likumbukeni hilo siku ya kununua nyingine.

Betri ya zamani usiitupe kwenye pipa la taka. Zikibanwa ndani ya gari la taka zinawaka. Uingereza, duka linalouza zaidi ya kilo 32 za betri kwa mwaka linawajibika kupokea betri ndogo zilizokwisha bila malipo, na vituo vya halmashauri vya kupokelea taka vinazipokea pia. Kama imevimba, piga simu kwanza uulize waipokee vipi.

Za kupeleka nyumbani

Hapa ndipo sisi tulio mbali tunapokosea, na mimi nilikuwa karibu kukosea.

Nilitaka ile laptopu ya asilimia 42 niitie ndani ya pipa pamoja na nguo na sabuni, iende kwa meli. Betri za lithiamu zinahesabiwa kuwa bidhaa hatari katika usafirishaji wa baharini na wa anga, na msafirishaji lazima aambiwe kwamba zimo. Pipa linakaa wiki nyingi ndani ya kontena la chuma, juani. Usifiche betri ndani ya pipa ambalo mizigo ya majirani zako pia imo kwenye meli hiyo hiyo.

Kwa ndege, laptopu iende nawe kwenye mzigo wa mkononi. Betri hadi wati-saa 100 zinaruhusiwa, na za laptopu karibu zote ziko chini ya hapo. Kati ya 100 na 160 unaomba kwanza ruhusa ya shirika la ndege. Betri ya akiba, na pawabenki ni betri ya akiba, haiingii kabisa kwenye begi linalopelekwa chini. Iweke kwenye mfuko wake, ncha zake zimefunikwa. Iliyovimba au iliyoharibika haipandi ndege, si mkononi si chini.

Na kuna jambo jingine. Huku, laptopu isiyokaa chaji inaudhi tu. Kule kwetu, umeme ukikatika ndiyo kazi yote imepotea. Kumpelekea kijana kompyuta yenye betri iliyokufa ni kumpa nusu zawadi, halafu yeye ndiye ahangaike Kariakoo au Luthuli Avenue akitafuta betri, bila namba na bila pesa. Basi niliibadilishia betri hapa hapa kwanza. Nitaenda nayo mwenyewe mkononi mwezi wa saba.

Ikiwa mpya, itunze

Wazee wa betri walitufundisha tuimalize chaji yote ndipo tuichaji tena. Hiyo ilikuwa haki kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Ya lithiamu haitaki hivyo. Kuifikisha sifuri kila siku kunaichosha, na kuiacha imejaa asilimia 100 kwenye joto siku nzima kunaichosha pia. Laptopu nyingi zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Kama yako haitoki mezani, uwashe.

Adui mkubwa ni joto. Mlioko Maskati, Dubai na Doha, laptopu iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani inazeeka mbele ya macho yenu. Na kwa wenzangu wa nchi za baridi: si kitandani, si chini ya blanketi. Matundu ya hewa yakizibwa, joto lote linabaki ndani na betri.

Binti yetu amerudi Leicester na laptopu ile ile. Inakaa saa 6. Zile pauni 82 tumegawana, mimi 60 na yeye 22, kwa sababu alikataa nilipe zote. Mama yake nilimweleza siku mambo yalipokwisha, akanyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza, "Alikuwa analala nayo?"

Basi nawaomba jambo moja. Tukiwapigia watoto wetu walioko vyuoni huwa tunauliza masomo vipi, nao hujibu salama, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Wiki hii muulize hivi: laptopu yako inakaa chaji saa ngapi? Akisema ameshaizoea, mwambie aiweke mezani, aipige picha kwa pembeni, akutumie sasa hivi ukiwa bado kwenye simu.

Nanyi wanafunzi mnaosoma hapa, semeni mapema. Pauni 82 si kitu cha kumfanya mama auze vitu vyake.

Tukutane mwezi ujao.